Mbwa niliyeachiwa ameota nyama fizini, na pesa yake nimeidokoa

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 41, Mdigo wa hapahapa Tanga, nina mke na watoto wawili na wa tatu yuko njiani. Naomba jina langu lisitoke, maana barazani ninachekwa kiasi cha kutosha.

Ni mwaka wa kumi na moja huu nikitunza bustani na kulinda nyumba moja kule Raskazone. Mwenye nyumba ni mzee aliyekuwa nahodha wa meli. Alipofiwa na mkewe akabaki na mbwa, boksa (si ile ya kuvaa, ni aina ya mbwa) wa rangi ya mchanga, pua imebonyea kama aliyegonga mlango. Anaitwa Kapteni, sasa ana miaka minane. Mwaka juzi Mzee alipata kiharusi, binti yake akaja kumchukua kwenda naye Uingereza anakoishi. Siku ya kuondoka ulimi wa Mzee ulikuwa umeshakuwa mzito. Alinishika mkono, akamwonyesha mbwa kwa kidole, akasema neno moja tu: "Amana." Binti yake akaniachia milioni moja na laki mbili, akasema ni ya kumuuguzia Kapteni akipatwa na lolote. Mshahara wangu na pesa ya chakula cha mbwa anatuma kwenye simu kila mwezi, hajakosa hata mara moja.

Kapteni ana mchezo wake. Kila alasiri hubeba kifuu cha nazi, akakizungusha uwanja mzima, kisha akaja kukiweka miguuni mwangu nikirushe. Baada ya Ramadhani iliyopita nikaanza kuona kifuu kina damu. Nilipomfunua mdomo nilishtuka. Fizi zimeota, zimepanda juu ya meno, vinundu vigumu vya rangi ya waridi vimepangana kama matumbawe maji yakikupwa. Meno ya mbele yamefunikwa kabisa, chonge unaona ncha tu. Udenda haukatiki, na harufu yake ni ya matumbo ya samaki yaliyolala.

Nilimpeleka kwa daktari wa mifugo mjini kwa miguu, maana bajaji zote zilinikatalia. Daktari akasema fizi zimekua kupita kiasi, kwa boksa si ajabu. Inatakiwa apigwe nusu kaputi, achukuliwe eksirei ya meno, nyama ikatwe na kipande kipelekwe maabara. Makadirio laki tano na nusu. Halafu akaongeza kwamba zinaweza kuota tena. Hapo nilichoka. Laki tano na nusu kwa kitu kinachoota tena?

Kuna jirani anayechoma ng'ombe sindano. Yeye anasema nimpe elfu thelathini na wembe mpya, tumfunge Kapteni mdomo kwa kamba, dakika kumi kazi imekwisha. Mke wangu anasema ni kansa, alazwe tu kwa sindano ya kifo apumzike. Tunaishi uani kwenye nyumba ileile, na udenda ule umemchosha. Kila nguo ikiguswa ni kuosha mara saba, mara moja kwa mchanga, na yeye ni mjamzito. Tena anaamini ugonjwa umehama, kwa sababu paka wa binti yetu, Kisamvu, ana miezi saba na fizi zake ni nyekundu kama pilipili. Juzi alitaka kumpa robo ya Panadol nikamzuia, lakini sina sababu ya kumweleza zaidi ya woga.

Mimi namlisha Kapteni ugali kwa dagaa na vichwa vya samaki, asubuhi namtilia kidonge chake cha ngozi ndani ya mkate, kile tunachotumiwa, jioni namtembeza ufukweni. Najiuliza labda vichwa vya samaki ndivyo vilivyomharibu, kwamba kosa ni langu.

Kuhusu pesa, chanjo na dawa za kupe zilikula laki na ishirini, na mwanzoni mwa mwaka kijana wangu aliingia kidato cha kwanza shule ya bweni, kukawa na godoro, tranka, sare na nauli, nikakopa humo, imebaki laki nne na thelathini. Nilikusudia kurudisha.

Binti wa Mzee sijamwambia kitu. Hali ya baba yake si nzuri, sitaki kumwongezea mzigo. Barazani wanasema, Mzee mwenyewe kaondoka, Tanga waja leo waondoka leo, wewe unakesha na mbwa. Shangazi, niuze baiskeli nijazie? Nikubali wembe? Nimlaze? Kila nikigeuka naona namdhulumu mtu.

Ni mimi Mlinda Amana, Tanga.


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma kwa sauti mbele ya daktari wa wanyama ninayemfahamu. Ugomvi wa wifi na mawifi nauweza mwenyewe. Fizi za mbwa si fani yangu, sikutaka nikupotoshe.

Nikikuelewa vizuri, una mbwa anayeumia mdomo, pesa isiyotosha, mke mjamzito ambaye pua yake haina likizo, na neno moja la mzee ambalo hujui linakutaka ufanye nini. Vyote umevikunja ndani ya swali moja: nikate, nisikate, au nimlaze. Lakini ndani ya barua mna sentensi mbili ulizozipitia mbio, kama mtu anayepita makaburini usiku. Moja ni ya kidonge, nyingine ni ya tranka. Nitaanza na kidonge, kwa sababu ndicho kilichomfanya daktari wangu aniambie, "Hebu rudia hapo."

Bila shaka daktari wa mjini alikuuliza mbwa anakula nini, nawe ukamjibu. Je, alikuuliza anatumia dawa gani? Na wewe ulimwambia? Nadhani hapana, maana kidonge cha kila siku huzoeleka hadi mtu hakihesabu tena kuwa dawa. Hukuniandikia jina lake. Ipo dawa iitwayo siklosporini, ambayo mbwa wenye ngozi ya mzio na kujikuna kusikokwisha hupewa, na ni hiyohiyo wanayopewa watu waliopandikizwa figo ili mwili usikikatae kiungo kigeni. Inajulikana kuotesha fizi, kwa mbwa na kwa watu. Dawa za ngozi ziko nyingi, na huenda ya Kapteni ni nyingine kabisa. Tena boksa ni miongoni mwa mbwa wanaoota fizi kwa kurithi tu, bila dawa yoyote, na huyu ameshafika umri ambao mambo hayo hujitokeza. Huenda ni damu yake, huenda ni kidonge, huenda vyote viwili vinasukumana. Lakini boksi la dawa lina jina lake, na kulibeba hadi kwa daktari hakukugharimu hata senti.

Ikiwa ndiyo hiyo, hesabu inabadilika. Mara nyingi dawa ikipunguzwa au ikibadilishwa fizi hunywea zenyewe, kwa wiki kadhaa au miezi, ingawa si lazima zirudi zote mahali pake. Upasuaji unaweza kuwa mdogo kuliko ulivyoambiwa, au ukasubiri. Na kama zingekatwa huku kidonge kinaendelea, basi ndiyo, zingeota tena, na wewe ungesema daktari kakula pesa. Ila usikiache kidonge leo kwa sababu ya maneno yangu. Ngozi ikirudi kuwaka, Kapteni atajikuna hadi damu, utakuwa na mbwa mwenye vidonda juu ya mwenye fizi. Aamue daktari.

(Niseme pembeni kidogo, kwa wasomaji wengine. Dawa za presha za jamii ya amlodipini na nifedipini, na fenitoini ya kifafa, nazo huweza kuvimbisha fizi za binadamu. Kama mama yako anazitumia na fizi zimemjaa, asizitupe, presha na kifafa havina mzaha. Amwambie daktari wake.)

Vichwa vya samaki viache, havina kesi. Chakula laini huganda kwenye meno, ukoga ukajikusanya, fizi zikawashwa na kuvimba zaidi, hilo ni kweli. Lakini kwa huyu uchafu ni kuni tu, kiberiti kiko kwingine. Daktari alinieleza kwamba kati ya jino na ufizi wa mbwa kuna kijifereji cha milimita 1 hadi 3. Ufizi ukipanda juu, kijifereji kinageuka mfuko, na kwenye mfuko huo dagaa, nywele na vijidudu vinakaa mahali pasipofikika. Harufu inayomkimbiza mama watoto inatoka humo. Mbwa mzima ana meno 42, sasa fikiria mifuko ya namna hiyo imezunguka nusu yake. Mwishowe mfupa unaoshikilia meno nao huanza kuliwa. Kwa hiyo kutofanya chochote nako ni uamuzi wenye gharama, ila yake hailipwi siku moja.

Sasa neno kansa. Mkeo hawezi kuiona kwa macho, wewe huwezi, mimi ndiyo kabisa. Kinachotia moyo kidogo ni kwamba nyama iliyoenea juu ya meno mengi, kushoto na kulia, aghalabu huwa ni ufizi wenyewe uliokua. Kinachotisha zaidi ni uvimbe mmoja uliosimama peke yake upande mmoja. Lakini katika mdomo wa mbwa kuna vivimbe vinavyofanana kama pacha, kuna kisicho na madhara, kuna kisichosambaa mwilini lakini kinatafuna taya, na kuna kibaya chenyewe, na hicho kibaya huweza kujificha katikati ya matumbawe yako. Ndiyo maana daktari alitaja maabara. Ukirudi kujadiliana bei, usianze kwa kupunguza hapo. Boksa ni mbwa wanaopata vivimbe kuliko wengi.

Kuhusu wembe sitazunguka, mwanangu. Fizi zina damu nyingi, na zilizowashwa zina nyingi zaidi. Mbwa wa pua fupi hutegemea mdomo kupata hewa, nanyi mnataka kuufunga kwa kamba, wakati damu inateremka kooni na anayekatwa anasikia kila kitu. Anaweza kukufia mikononi kabla ya hizo dakika kumi. Na kama hakufa, atauma. Mbwa mpole mwenye maumivu ya mdomo huuma mtu anayempenda. Akiuma yeyote, hata kama ana chanjo, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali kuulizia chanjo ya kichaa cha mbwa. Ukijumlisha hayo, elfu thelathini ya jirani haiwi thelathini. Najua anakusaidia kwa nia njema, na ng'ombe anawajua. Mshukuru, mpe chai.

Nusu kaputi nayo ina hatari zake, nisikufiche. Kapteni ana miaka minane, njia yake ya hewa ni nyembamba kwa maumbile, na boksa wanajulikana kwa ugonjwa wa misuli ya moyo. Nenda na maswali. Je, atapimwa moyo na damu kabla? Atawekewa mpira wa hewa kooni? Wakati daktari anakata, nani anamwangalia anavyopumua? Daktari mzuri hachukii maswali haya. Majibu yasipokuridhisha, kuna hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, ambako madaktari wenyewe wanafundishwa. Lakini kutoka Tanga ni Segera, Chalinze, ndipo ufike, na kama bajaji ilikukatalia, sembuse basi. Gari la kukodi peke yake linaweza kula kile kilichobaki.

Umechoka uliposikia zinaweza kuota tena. Nikuulize kitu, wewe si mtunza bustani? Ukoka wa Raskazone unaufyeka mara ngapi kwa mwaka, na hujawahi kumwambia Mzee kwamba kufyeka ni bure kwa sababu unaota. Kwa mbwa wengine huchukua miaka kabla ya kurudi, kwa wengine miezi, na kusafisha meno kila siku husogeza siku hiyo mbele. Unaanza na kitambaa laini kilichozungushwa kidoleni, fizi zikishapona, baadaye mswaki wa mtoto. Maji matupu yanatosha kuanzia. Dawa ya meno ya watu usitumie, kwa kuwa yeye hawezi kutema, na baadhi zina utamu uitwao zailitoli ambao ni sumu kali kwa mbwa. Majivu na chumvi pia hapana. Kuna maji ya klorheksidini ya kuua vijidudu mdomoni, hayo utumie kwa kipimo cha daktari. Haya yote ni kazi, na ni ya kila siku, naye mkeo anahesabu muda wako. Lizungumzeni kabla ya upasuaji, si baada.

Kuhusu kumlaza, wako watakaokwambia ni ukatili hata kulitaja, mimi sisemi hivyo. Ikija kujulikana ni kansa mbaya, au taya limeliwa na hali chakula, kifo cha upole mikononi mwa daktari ni jambo la kufikiriwa bila aibu. Leo hii, kwa maelezo yako, anakula na anakuletea kifuu. Lakini tazama, hapo tumeshafika mahali pengine. Nani mwenye haki ya kuamua afe? Mkeo? Wewe? Mbwa ni wa nani?

Ndiyo nafika kwenye tranka.

Unasema hukumwambia binti wa Mzee ili usimwongezee mzigo. Inawezekana, moyo wako nauona ni mwema. Lakini jiulize ukiwa peke yako, baada ya swala, usinijibu mimi: kama ile milioni na laki mbili ingekuwa kamili, si ungekuwa umeshampigia simu siku ileile ya damu ya kwanza? Pengine unachomkinga si yeye tu. Sikusimangi. Kijana anaripoti bweni Jumatatu na godoro halipo, na kabatini kuna bahasha. Wazazi wengi wangeifungua, na wengine wasingehesabu hata kilichobaki. Wewe umeniandikia hadi ya kupe.

Njia ninazoziona ni hizi, na kila moja ina mwiba wake. Unaweza kumwambia habari ya ugonjwa tu, pesa ukanyamaza. Mwiba ni kwamba swali lake la kwanza litakuwa, "Ile pesa si ipo?" nawe utajikuta unajibu papo hapo, kwenye simu, jambo ambalo hukulipanga. Unaweza kurudisha kwanza, uuze baiskeli, ukope, kisha useme. Hapo unahifadhi uso wako, lakini baiskeli ya kazi ikiondoka, na deni jipya likija wakati mtoto anazaliwa, nani anaumia? Na kila wiki ya kutafuta pesa ni wiki ya Kapteni na mifuko yake. Unaweza kumwambia yote mawili kwa pamoja, na kumpa mpango: nilichukua laki sita na nusu, kwa jambo hili, nakatwa kiasi fulani kila mwezi. Anaweza kukasirika. Anaweza kukuondoa kazini, na wewe unaishi uani kwake, hilo si dogo na siwezi kukuambia halitatokea. Anaweza pia kuwa mtu ambaye miaka yote hii hajakosa kukulipa, na angependa kujua hali ya mbwa wa baba yake kabla hajafa na si baada. Wewe unamjua, mimi simjui.

Kuna faida nyingine ya kuzungumza naye ambayo naona hujaifikiria. Yeye ndiye anayetuma kidonge. Anajua jina lake, kipimo, nani alimwandikia na lini ilipangwa kupimwa upya. Bila yeye, daktari wa Tanga anapapasa gizani.

Ukiamua kumwambia, mimi ningeandika kwenye karatasi kwanza, mambo matatu manne, ndipo nitume sauti. Sauti husikika ukweli wake, na karatasi hukuzuia usizunguke. Ila wewe ndiwe mwenye ulimi wako.

Na lile neno la Mzee. Alikuwa na nguvu ya kutamka neno moja, akachagua hilo. Hakusema usimwache afe, hakusema tumia pesa yote, wala hakusema umfiche mwanangu mambo. Huenda unalibeba na maneno mengi zaidi ya aliyosema.

Mkeo usimfanye adui katika hadithi hii. Mjamzito na harufu ya matumbo ya samaki hawakai nyumba moja, na suala la najisi kwake ni ibada yake, si chuki ya mnyama. Kuna mambo madogo mnaweza kuyajaribu tangu leo. Kapteni awe na upande wake, mbele, na bakuli lake lisilochanganywa. Wewe uwe na shati moja la kumhudumia ambalo haliingii ndani. Umfute udenda kwa kitambaa mara kadhaa kwa siku, hicho ufue mwenyewe. Masuala ya kuosha muulize shehe wenu, mimi si mwanachuoni. Lakini kisa cha yule mtu aliyeteremka kisimani akamnywesha mbwa kwa kiatu chake cha ngozi unakijua tangu madrasa, na walioko barazani wanakijua pia, wakumbushe wakicheka.

Kisamvu hajaambukizwa na Kapteni. Fizi kuota si ugonjwa wa kurukia mwingine. Paka wa miezi saba ndiyo kwanza amemaliza kuotesha meno yake 30 ya ukubwani, na baadhi ya paka katika umri huo fizi huvimba na kuwa nyekundu sana. Wengine hutulia wakisafishwa meno, wengine ni mwanzo wa jambo zito, na kuna virusi vya paka vinavyochangia, lakini hivyo anavipata kwa paka wenzake wa mtaani. Mpeleke siku moja na Kapteni, kwenye kikapu bajaji haitakataa. Na woga wako wa Panadol ulikuwa sahihi kabisa, mwambie mama watoto kwa upole kwamba mwili wa paka hauwezi kuivunja dawa hiyo, kidonge kimoja chaweza kumuua. Kapteni naye asipewe diklofenaki wala ibuprofeni za dukani, zinachoma tumbo na figo za mbwa.

Mengine utaniandikia ukisharudi kwa daktari na lile boksi. Kwa sasa mwondolee kifuu, kigumu mno kwa meno yanayoumia, na kila akikibana anajing'ata fizi zake mwenyewe. Usimpe kamba ya mkonge badala yake, najua Tanga ipo kila kona, nyuzi zake zitaingia kwenye ile mifuko. Mtafutie mpira laini asioweza kuumeza. Atausukuma kwa pua siku mbili tatu akikutazama kama umemwibia, halafu atauleta miguuni mwako.